Kutafuta rangi inayofanana na ya gari lako la zamani: mwongozo kamili kwa wenye magari wa Dodoma na kanda ya kati

Simama dakika kumi kando ya barabara ya Singida, maeneo ya Kizota, uangalie magari ya silva yanayopita. Utaona Spacio yenye fenda iliyokolea kuliko mlango, Noah ambayo bampa lake limekuwa la kijivu huku bodi ikiwa ya fedha, Carina nyeupe ambayo buti lake linaonekana kama limetoka kwenye gari jingine. Kila moja kati ya hayo lina mwenyewe aliyelipa, na lina fundi aliyetoka jasho. Tena siku ya kukabidhiwa, chini ya turubai la gereji, rangi zilionekana kufanana kabisa.

Mimi ni fundi rangi, na sehemu kubwa ya magari ninayopokea ni ya namba A na namba B, yaani magari yaliyokwisha kula jua la Dodoma miaka mingi. Mwenye gari kama hilo hataki kupulizia gari zima. Anataka fenda moja, ubavu wa mlango, au mkwaruzo wa bampa. Hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote, kwa sababu ukipuliza gari zima hakuna cha kulinganisha nacho, lakini ukipuliza fenda moja, mlango uliopo pembeni yake ndio hakimu.

Jambo ninalotaka ulishike mapema ni hili: namba ya rangi iliyoandikwa kwenye gari inakufikisha karibu tu. Rangi ya kweli hupatikana kwa kujaribu kwenye kadi na kuilinganisha na gari lenyewe, nje, kabla tone moja halijagusa bodi.

Osha, kisha piga kompaundi

Watu wengi wanakwenda duka la rangi na gari lenye vumbi jekundu. Vumbi letu ni jepesi, linaingia kwenye kila kitundu, na likikaa muda mrefu juu ya rangi iliyochoka linaipa wekundu. Osha gari kwa maji na sabuni laini, likaushe, kisha chagua eneo la ukubwa wa viganja viwili karibu na sehemu utakayopulizia. Piga kompaundi hapo, yaani dawa nzito ya kusugulia rangi, kwa kitambaa safi mpaka ng'ao urudi, umalizie na polishi.

Utashangaa. Nyeupe uliyodhani imekuwa ya krimu inarudi nyeupe. Nyekundu uliyodhani imekuwa ya waridi inarudi nyekundu. Tabaka la juu kabisa linakufa kwa jua na kufanya ukungu, na chini yake rangi bado ipo hai. Ukilinganisha na ukungu, utanunua rangi ya ukungu, halafu mwenye gari akija kupiga polishi mwezi ujao, fenda mpya itabaki peke yake.

Angalia pia ni sehemu gani ya gari unayotengeneza. Boneti na paa vinapigwa na jua moja kwa moja tangu asubuhi hadi jioni, kwa hiyo vinapauka zaidi. Sehemu ya chini ya milango inapauka kidogo. Gari moja lenye miaka 20 linaweza kuwa na rangi tatu zinazokaribiana. Linganisha na paneli iliyo jirani na kazi yako, usichukue mfano kutoka upande mwingine.

Tafuta namba ya rangi

Kadi ya gari haitakusaidia. Imeandikwa "Silver" au "White" basi, na kuna silva nyingi kuliko unavyofikiria. Namba halisi ipo kwenye kibati au stika ya kiwandani.

Kwa Toyota, fungua boneti utazame ukuta unaotenganisha injini na abiria. Kama hakuna kibati hapo, fungua mlango wa mbele utazame nguzo, pale mlango unapofungia. Tafuta neno COLOR, au herufi C/TR. Namba ya kwanza baada yake ndiyo rangi, na zinazofuata ni za viti na vitambaa vya ndani. Nissan na Suzuki za zamani kutoka Japani nazo mara nyingi zina kibati ndani ya boneti. Honda na Mazda, anza na nguzo ya mlango. Volkswagen, inua kapeti la buti utazame karibu na taili la akiba. Mercedes za zamani, angalia fremu ya juu mbele ya rejeta.

Namba chache utakutana nazo kila wiki: 040 ni nyeupe ya kawaida ya Toyota, 202 ni nyeusi, 1F7 ni silva iliyopigwa kwenye Toyota nyingi za miaka ya 2000, na 070 ni nyeupe ya lulu. Kwa Nissan, KH3 ni nyeusi. Honda wanaanza na NH kwa nyeupe, nyeusi na kijivu zao.

Usiende dukani na namba peke yake. Taja kampuni, aina ya gari na mwaka. Namba 040 kwa Toyota ni nyeupe, lakini kwa Mercedes 040 ni nyeusi! Piga picha ya kibati kwa simu, maana sifuri na herufi O, au 8 na B, vikiwa vimeliwa na kutu havitofautiani, na kumbukumbu ya kichwa hudanganya.

Kibati kikiwa kimefutika au kimeng'olewa, usikate tamaa. Namba ya chesisi inaweza kutafutwa kwenye katalogi za vipuri za mtandaoni, na nyingi zinaonyesha rangi ambayo gari lilitoka nayo kiwandani.

Kama gari lina rangi mbili, juu moja na chini nyingine, kama Prado na Hiace nyingi za zamani, namba iliyopo kwenye kibati inaweza kuwa ya jozi nzima. Mwambie mchanganyaji hivyo, akutafutie namba ya kila rangi.

Hakikisha gari halijawahi kupulizwa

Hapa ndipo kazi nyingi zinaharibikia. Gari limepita kwa wamiliki wanne, mmoja aliligonga njia ya Kibaigwa, fundi wa kule akapuliza upande mzima kwa rangi ya kukisia. Wewe leo unakuja na namba sahihi ya kiwandani, unapuliza vizuri, na haifanani na kitu.

Vuta raba ya mlango taratibu. Ukiona mstari wa rangi unaoishia pale tepu ilipobandikwa, paneli hiyo imepulizwa. Tazama pembeni mwa raba za vioo na mabomba ya chini, kama kuna vumbi la rangi limegandia. Fungua mlango ulinganishe rangi ya ndani ya nguzo na ya nje. Tazama ngozi ya rangi kwa pembeni, kwani paneli ya kiwandani na iliyopulizwa gereji mara nyingi zina vijidutu tofauti, mfano wa ganda la chungwa. Pitisha sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa. Isiposhika kwenye bati, kuna bodifila chini, yaani ile lipu ya kujazia mabonde.

Ukikuta jirani imeshapulizwa, sahau namba ya kibati. Unalinganisha na kile kilichopo machoni.

Dukani kwa mchanganyaji

Dodoma siku hizi kuna maduka yanayochanganya rangi za magari kwa fomula ya kompyuta na mizani. Mchanganyaji anaingiza namba, kompyuta inampa gramu za kila rangi ya msingi, anamimina. Gramu moja ya nyeusi iliyozidi kwenye kopo dogo inatosha kuharibu silva, kwa hiyo mwombe apime bila haraka, na feni isipulize mizani.

Muulize swali moja ambalo wateja wachache huuliza: "Namba hii ina aina ngapi?" Namba moja ya rangi huwa na matoleo kadhaa kwenye fomula, kwa sababu gari hilohilo lilipulizwa viwanda tofauti na miaka tofauti. Kuna toleo la kawaida, lililokolea zaidi, lenye unjano kidogo, lenye ubluu. Maduka mazuri yana vipande vya mfano vya matoleo hayo. Vipeleke nje kwenye gari, uviweke juu ya lile eneo ulilopiga kompaundi, uchague kilicho karibu zaidi. Hatua hii peke yake imeniokolea kazi nyingi kuliko ujuzi wowote wa mkono.

Kama duka lina kifaa cha kusoma rangi kwa mwanga, kitumie, lakini kisome eneo lililosafishwa na kung'arishwa, mara tatu sehemu tofauti. Kikisoma vumbi kitakupa fomula ya vumbi. Na kama huwezi kulipeleka gari, ng'oa kifuniko cha tangi la mafuta ukipeleke hicho. Wengine hukipakia basi hadi Kariakoo na rangi inarudi kesho yake. Inafanya kazi, mradi ukumbuke kwamba kifuniko kilicho ubavuni hakikupauka kama boneti.

Nunua ya kutosha mara moja. Mlango mmoja na kuyeyushia paneli ya jirani (kuivuta rangi ififie humo taratibu), nusu lita ya rangi iliyokwisha kutiwa thina, ile ya kuizimulia, kwa kawaida inatosha na kubaki kidogo. Ukirudi dukani kuongeza, unapata mchanganyiko mwingine.

Kadi ya majaribio

Sasa tumefika kwenye moyo wa kazi. Chukua kipande cha bati au kadi ngumu, ukubwa wa daftari, ukipulizie praima ya kijivu, rangi ya kwanza ya kutandikia. Kikikauka, chora mstari mweusi na mstari mweupe wa kalamu nene. Mistari hiyo itakuambia koti ngapi, yaani tabaka ngapi za rangi, zinahitajika mpaka chini pasionekane tena. Watu wanasahau kwamba silva na nyekundu nyingi ni nyepesi, na zikiachwa koti moja, rangi ya praima inachungulia na kubadilisha kila kitu.

Koroga rangi vizuri. Kwa metaliki, yaani rangi zenye chembe za kung'aa kama silva, chembe hizo za aluminiamu zinalala chini ya kopo haraka sana. Tumia kijiti bapa, ukwangue sakafu ya kopo, dakika tano kamili, na uchuje kabla ya kumimina kwenye gani, ile bunduki ya kupulizia. Tia thina kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kopo, usikisie.

Puliza kadi kwa gani ileile, presha ileile, thina ileile na umbali uleule utakaotumia kwenye gari. Hapa nasisitiza kwa sababu ndipo siri ya metaliki ilipo. Rangi moja, kopo moja, inaweza kutoka imekolea au imepauka kutegemea mkono. Ukipuliza kwa unyevu mwingi, chembe za aluminiamu zinapata muda wa kuzama na rangi inatoka imekolea. Ukipuliza kwa ukavu, presha kubwa au kutoka mbali, chembe zinabaki zimelala juu na rangi inapauka.

Sasa fikiria Dodoma mwezi wa Oktoba, saa saba mchana, jua limewaka na upepo unavuma. Thina inakauka kabla matone hayajatua. Miaka ya mwanzo nilipuliza fenda ya silva katika hali hiyohiyo, kwa thina ya kukauka haraka, rangi ikiwa sahihi kabisa kutoka dukani. Ikatoka imepauka kama majivu. Mteja wangu aliligundua siku ya pili, na nikarudia kazi kwa gharama yangu. Rangi haikuwa na kosa. Tangu hapo natumia thina ya kukauka polepole kuanzia Septemba hadi mvua zianze, na napuliza kuanzia saa moja asubuhi, kabla bati halijapata moto na kabla upepo haujaamka. Mwaga maji sakafuni kwanza, vumbi litulie.

Kadi ikishapigwa besi, yaani rangi yenyewe, iache ikauke, kisha piga klia, ile ya juu isiyo na rangi inayoleta ng'ao, nusu yake tu. Usiwahi kulinganisha besi isiyo na klia na gari. Besi kavu inaonekana imefifia na haina kina, na klia ndiyo inayoifungua. Ukitaka kuonja haraka kabla ya klia, lowesha besi iliyokauka kwa maji safi, utaona karibu na itakavyokuwa.

Rangi ya lulu kama 070 ina tabaka tatu: besi nyeupe, koti la lulu, halafu klia. Kwa hiyo tengeneza kadi nne, ya kwanza koti moja la lulu, ya pili mawili, hadi manne. Zote ni rangi sahihi kwa namba, lakini ni moja tu itakayofanana na gari lako. Hesabu koti zake, uandike nyuma ya kadi.

Kusoma kadi

Toka nje. Taa za gereji zinadanganya, za njano kwa namna yake na nyeupe kwa namna yake, na rangi mbili zinaweza kufanana chini ya taa zikatengana juani. Wakati mzuri ni saa tatu hadi saa tano asubuhi. Kuelekea magharibi jua linakuwa jekundu na kila silva inafanana na kila silva.

Sogeza gari mbali na ukuta uliopakwa rangi. Vua shati jekundu kama umevaa, kwa sababu silva na nyeusi zinaakisi kila kitu, pamoja na udongo wetu. Bandika kadi bapa kwenye paneli, isisimame.

Itazame mara tatu. Kwanza uso kwa uso. Pili ukiwa umeinama pembeni, jicho likipita juu ya paneli. Tatu ukiwa umerudi nyuma hatua sita. Kisha rudia kivulini. Metaliki inaweza kufanana uso kwa uso na ikawa nyeusi mno pembeni. Ikifeli pembeni imefeli, kwa sababu watu barabarani wanaliona gari kwa pembeni.

Kurekebisha kwa matone

Kwa nyeupe ya zamani iliyoingia ukrimu hata baada ya kompaundi, ongeza njano ya udongo kwa ncha ya njiti ya meno. Ncha tu, koroga, puliza kadi nyingine. Ikihitaji kupoa kidogo, ncha ya nyeusi. Kwa silva, kabla hujaongeza chochote, badilisha kwanza namna ya kupuliza: ikiwa imepauka ongeza unyevu, ikiwa imekolea punguza. Mara nyingi inatosha. Usikimbilie kutia nyeupe kwenye metaliki, maana inaifanya iwe na umaziwa ukiangalia pembeni na huwezi kuiondoa tena. Ikiwa pembeni ndipo panapogoma, rudi dukani ukaombe toleo lenye chembe kubwa au ndogo zaidi. Chembe kubwa zinang'aa usoni na kukolea pembeni, na chembe ndogo ni kinyume chake.

Toa sehemu ndogo ya rangi ndipo urekebishe. Ukiharibu kopo lote umerudi mwanzo.

Kupuliza na kuyeyusha

Hata rangi inayofanana kwa asilimia kubwa itaonekana ikikatwa kwenye ukingo wa mlango. Kwa hiyo usikate. Paneli iliyoharibika ipate besi kamili. Paneli ya jirani ipigwe msasa laini, 1000 kwa maji, kisha besi ivutwe kidogokidogo kuingia humo, kila koti likienda mbali kidogo kuliko lililotangulia na likiwa jepesi zaidi, mpaka jicho lisijue ilipoishia. Klia ipigwe paneli zote mbili nzima. Usiishie klia katikati ya mlango, mstari wake utatokea baada ya miezi.

Wateja wengine wanalalamika: "Fundi, nimegonga fenda, mbona unagusa na mlango?" Ninawaonyesha kadi juani na wanaelewa. Nyeupe ya kawaida inaweza kusamehe bila kuyeyusha. Silva na lulu hazisamehi.

Bampa la plastiki linahitaji praima ya plastiki kwanza, la sivyo rangi itabanduka kwa magamba. Tena hata kiwandani bampa na bati mara nyingi hutofautiana kidogo, kwa hiyo bampa lilinganishe na bampa lako la zamani.

Vidoa vya mawe

Anayepita barabara za changarawe za vijijini atakuwa na vidoa kwenye ncha ya boneti. Hivi huhitaji gani. Safisha kwa kitambaa chenye kiyeyusha mafuta, kwangua kutu kwa ncha ya msasa, dondoshea praima kidogo kwa njiti, iache ikauke. Kisha rangi, matone membamba mawili au matatu, kila moja likikaa nusu saa, mpaka pajae. Tone la klia juu. Baada ya wiki, sugua kwa msasa 2000 wenye maji na upige kompaundi. Hapa kasoro ndogo ya rangi haionekani, mradi doa liwe dogo.

Hadina na mapafu yako

Hadina, dawa inayotiwa kwenye klia ili igande, ina kemikali ya isosianeti. Inaingia mapafuni, na inaweza kukuachia pumu ya kudumu ambayo baadaye hata harufu yake itaiamsha. Kitambaa cha uso na barakoa ya vumbi havizuii. Tumia barakoa yenye vichujio vya kaboni, vipya, vaa glavu na miwani, na watoto wasikae karibu na eneo la kazi. Jiko la mkaa la chai liwe mbali na thina. Nimewaona mafundi wazuri wakiacha kazi wakiwa na umri wa miaka 40 kwa kukosa pumzi, na hakuna rangi inayostahili hilo.

Rangi iliyobaki

Mimina besi iliyobaki kwenye chupa ndogo ya kioo, ijae hadi karibu na mdomo ili hewa isibaki, ukaze kifuniko na uihifadhi kivulini. Klia iliyokwisha kutiwa hadina haihifadhiki. Andika kwenye chupa kampuni ya gari, namba ya rangi, toleo, matone uliyoongeza na tarehe. Nyuma ya kadi iliyofanana andika presha, thina na idadi ya koti, kisha itoboe katikati tundu la ukubwa wa shilingi. Siku gari likirudi na mkwaruzo mwingine, utaiweka juu ya paneli na kutazama kupitia tundu hilo, utajua mara moja kama rangi imepauka zaidi au bado ni ileile.